Muhula mmoja Ulaya: ni nini kinachorudi nyumbani?



Somo la mara hii limeandikwa kwa ajili ya wazazi waliokimbia makwao, viongozi wa kartiye na wa vijiji, na vijana wanaoota kwenda kusoma ng'ambo. Linaweza kusomwa kwa sauti katika kikundi, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Mahali pa kusimama na kujadiliana pameonyeshwa. Msiharakishe kufika mwisho.

Karatasi yenye muhuri

Papa mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Oicha alinifuata nyuma ya shule, mahali tulipokuwa tunaandikisha jamaa zilizofika upya mjini Beni. Hakutaka wengine wasikie. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya plastiki. Ilikuwa barua ya Kifaransa yenye muhuri mwekundu, ikisema kwamba binti yake amekubaliwa kusoma muhula mmoja pamoja na staji huko Ulaya. Mtu aliyeileta alidai dola 1,500 kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mwana wetu, wewe ulifika kule," aliniambia. "Niambie tu kama shamba la kakao litatosha."

Shamba lenyewe hawezi kulifikia, kwa sababu ya mauaji ambayo yameendelea katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014. Lakini bado ni lake, na wanunuzi wa mashamba ya watu waliokimbia hawakosekani. Wananunua kwa bei ya msiba.

Niliisoma barua mara mbili. Jina la chuo lilikuwa la kweli. Anwani ya kujibu haikuwa ya chuo, ilikuwa ya mtu binafsi. Haikutaja binti atasoma masomo gani, wala nani wa huku kwetu amekubali masomo hayo. Tukaenda mimi na yeye mahali pa intaneti, tukatafuta anwani ya chuo chenyewe na kuwaandikia. Siku chache baadaye jibu lilifika: hawamjui binti huyo. Shamba likabaki.

Papa alinishukuru, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari: "Basi wewe, kule ulikokwenda, uliturudishia nini?" Somo hili ni jaribio la kumjibu.

Muhula ni nini, na si nini

Tuanze na mambo ya karatasi, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa.

Muhula ni nusu ya mwaka wa masomo, karibu miezi minne au mitano. Katika mpango unaoitwa LMD, ambao vyuo vya Kongo vimelazimika kuufuata tangu mwaka wa masomo 2021-2022, muhula mmoja una krediti 30, na mwaka mzima una 60. Mwanafunzi anayekwenda ng'ambo kwa muhula mmoja anabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani, na diploma ataipata hapa. Kwa hiyo njia ya kweli inaanzia katika ofisi ya chuo chako mwenyewe, iwe Butembo, iwe Beni. Kabla ya safari kuna mkataba wa masomo unaotiwa sahihi na pande tatu: mwanafunzi, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea. Humo wanaandika masomo atakayofuata kule na jinsi alama zake zitakavyohesabiwa akirudi. Mimi nilisafiri mkataba wangu ukiwa haujakamilika, na niliporudi nilirudia mitihani miwili ambayo nilikwisha kuifaulu kule. Ulikuwa uzembe wangu na wa wakubwa wangu pia, lakini mitihani niliirudia peke yangu.

Halafu kuna viza. Mtu anayekaa katika nchi za Schengen zaidi ya siku 90 anahitaji viza ya muda mrefu, na muhula unapita siku 90. Sisi wa Butembo na Beni tunaiomba Kinshasa, si Goma wala Kampala. Wanataka paspoti, barua ya chuo, uthibitisho wa nani atalipa chakula na nyumba, cheti cha daktari na cheti cha mahakama. Mtu akikuambia kwamba anaweza kukuruka hatua hizo, anauza upepo.

Staji nayo ni mazoezi ya kazi. Nyingi hazina mshahara. Wazazi, msihesabu kwamba mtoto atatuma pesa kutoka staji. Mimi sikutuma hata senti moja, na wajomba zangu wawili walininunia kwa muda mrefu.

*Simameni hapa. Mmewahi kuona barua kama ile ya papa? Nani katika kartiye yenu angeweza kuisoma pamoja na mzazi kabla hajauza kitu?*

Mji uliozaliwa na ugomvi

Nilifika Ubelgiji Septemba 2015, katika mji wa Louvain-la-Neuve. Nilidhani nakwenda kwa watu ambao mambo ya kabila waliyamaliza zamani. Wiki ya kwanza nikauliza kwa nini mji wote ni mpya, hakuna hata nyumba ya zamani katikati. Nikaambiwa historia yake.

Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, ambacho ndicho kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954, kilikuwa na wanafunzi wa Kiflamandi na wa Kifaransa pamoja. Chuo kiko katika nchi ya Waflamandi. Katika miaka ya 1960 Waflamandi wakasema Wafaransa-lugha waondoke. Kulikuwa na maandamano, na mwezi Februari 1968 serikali ya nchi ikaanguka kwa ajili ya jambo hilo. Chuo kikagawanywa. Upande wa Kifaransa ukajengewa mji mpya kwenye mashamba, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1972. Hata maktaba iligawanywa: sehemu kubwa ya vitabu iligawanywa kwa kufuata namba, vyenye namba witiri vikabaki, vyenye namba shufwa vikaondoka.

Nilicheka niliposikia hayo. Baadaye sikucheka tena. Walipasua maktaba, lakini hawakuchinjana. Waliendelea kubishana bungeni, na hadi leo bado wanabishana. Huku kwetu tunaambiwa mara nyingi kwamba amani ni kupendana. Wale hawakupendana sana, ila walikuwa na mahali pa kugombania ambapo hapana panga.

Kiswahili jikoni

Katika nyumba ya wanafunzi tulikuwa watu saba, jiko moja. Siku ya tatu nilisikia mtu anaongea na simu kwa Kiswahili chetu: "Mama, huku baridi inang'ata masikio." Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamsubiri amalize, tukasalimiana, tukaulizana: wewe wa wapi? Mimi nikasema Butembo. Yeye akasema Rutshuru. Kisha akataja jina lake la ukoo, na mimi nikajua ni Muhutu. Naye alijua mimi ni Munande kabla sijataja lolote, kwa sababu sisi majina yetu yanatutangulia mlangoni.

Furaha ilipungua pande zote mbili. Nasema ukweli, maana somo bila ukweli halifai. Mimi nilikulia Butembo na sikuwahi kulala usiku mmoja Rutshuru. Yeye alipita Butembo mara moja tu, ndani ya lori, akielekea Bunia, na aliogopa kushuka. Tulikuwa tumesafiri maelfu ya kilomita ili tukae meza moja na jirani.

Kilichotuunganisha mwanzoni kilikuwa bugali. Siku za Jumamosi tulichanga pesa, mmoja wetu akapanda treni hadi Matonge, kartiye ya Wakongo huko Ixelles, kuleta unga na sombe. Tulikula pamoja. Mambo ya nyumbani hatukuyagusa. Kila mmoja alizunguka maneno fulani kama mtu anayezunguka shimo usiku.

Kituo cha waomba hifadhi

Staji yangu ilikuwa siku mbili kwa wiki katika kituo kimoja cha Brussels kinachopokea watu wanaoomba hifadhi. Mwaka ule walifika watu wengi sana kutoka Syria, Irak na Afghanistan. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kugawa mashuka, kusindikiza watu kwa daktari, kutafsiri kidogo kwa Waburundi.

Hapo nilijifunza tofauti ambayo kila kiongozi wa waliokimbia anapaswa kuijua. Mkimbizi kwa sheria ya kimataifa, yaani Mkataba wa mwaka 1951, ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa kuogopa kuteswa. Mtu aliyetoka Oicha akaja Butembo hakuvuka mpaka. Yeye ni mkimbizi wa ndani, na wa kwanza mwenye wajibu juu yake ni serikali yake mwenyewe. Kwa watu kama hao Umoja wa Mataifa una Kanuni za Mwongozo za mwaka 1998, na Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, ambao ulianza kutumika Desemba 2012. Kiongozi akienda kwa msimamizi wa eneo, asiende kama mwombaji tu.

Pale kituoni palikuwa na bibi mmoja Mbelgiji aliyejitolea kushona nguo zilizochanika. Nilimwuliza kwa nini anakuja kila siku. Akasema mama yake, mwezi Mei 1940, alitembea kwa miguu hadi Ufaransa akisukuma mkokoteni wenye godoro na watoto wawili. Wabelgiji zaidi ya milioni moja walikimbia mwaka ule, na wengine kama hao walikimbilia Uholanzi mwaka 1914. Nikamweleza juu ya chukudu zetu zilizobeba magodoro kwenye barabara ya Oicha-Beni. Akauliza kama zina breki.

Nilichokiona na kukipenda zaidi kilikuwa jambo dogo. Kila mtu akisimulia habari zake, aliyeandika alimsomea tena yale aliyoandika, kwa lugha yake, na msimuliaji alikuwa na haki ya kusema: hapana, sikusema hivyo. Mimi huku nyumbani nilishaandikisha watu mara nyingi nikiwa mwanafunzi. Sikuwahi kumsomea mtu hata mmoja.

Wiki mbili za Novemba, na Januari

Tarehe 13 Novemba 2015 watu waliuawa Paris. Wiki iliyofuata, Brussels ikawekwa katika hatari ya juu kabisa. Metro ilisimama, shule zikafungwa Jumatatu na Jumanne, wanajeshi wakazunguka barabarani na bunduki. Mama yangu alinipigia simu kutoka Butembo: "Mwana wangu, rudi nyumbani, huko kuna vita." Nilicheka hadi machozi. Tarehe 29 Novemba Eringeti ilishambuliwa, hospitali na yote. Nilitafuta habari hiyo katika magazeti ya kituoni kwa siku tatu, sikuipata.

Ndipo ikaja Januari. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari 2016, watu wasiopungua 14 waliuawa Miriki, kusini mwa Lubero. Wengi wao walikuwa Wanande, na lawama ilielekezwa kwa FDLR. Picha zilifika katika simu yangu kabla sijanywa chai. Niliingia jikoni nikazitupa mezani mbele ya yule mwenzangu. Nikasema: "Angalia kazi ya watu wako."

Aliangalia picha zote, moja moja. Kisha akafungua simu yake akanionyesha nyumba zilizochomwa, na mtu aliyelala mlangoni. Alikuwa mjomba wake. "Na hii ni kazi ya watu wa nani?" aliniuliza.

Hatukusemezana siku tano. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika, lakini kilichotokea ni kwamba mtihani wa sheria za wakimbizi ulikaribia na kitabu tulichokiazima maktaba kilikuwa kimoja. Aligonga mlango wangu akasema, "Ndugu, tukisome pamoja au tukigawe kwa kurasa?" Tukakisoma pamoja. Usiku wa pili alinisimulia habari za mjomba wake tangu mwanzo, mimi nikaandika, na nilipomaliza nikamsomea. Alinirekebisha mahali pawili. Kisha nikamsimulia habari za binamu zangu wawili wa Mayi-Moya, naye akaandika.

*Simameni hapa. Katika kikundi chenu, kuna mtu ambaye habari zake za kukimbia hamjawahi kuzisikia mpaka mwisho? Ni wa upande gani?*

Walianza na jirani

Wazungu hawakuanzisha kubadilishana wanafunzi kwa ajili ya utalii. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mwaka 1870, mwaka 1914 na mwaka 1940. Tarehe 22 Januari 1963 de Gaulle na Adenauer walitia sahihi mkataba wa urafiki, na mwaka huohuo ikaundwa ofisi ya pamoja ya vijana wa nchi hizo mbili. Tangu hapo zaidi ya vijana milioni 9 wameshiriki katika mipango yake, na wengi wamekaa katika jamaa na shule za upande wa pili. Fikirini mzazi Mfaransa wa mwaka 1963, aliyefiwa na kaka vitani, akimpeleka mtoto wake kulala katika nyumba ya Mjerumani. Ilikuwa miaka 18 tu tangu vita. Mpango wa Erasmus ulifuata mwaka 1987, ukiwa na nchi 11 na wanafunzi 3,244 katika mwaka wa kwanza.

Walianza na yule waliyepigana naye. Sisi tunauza shamba ili mtoto aende Ubelgiji, lakini ukimwambia mzazi wa Butembo ampeleke mtoto wake staji ya mwezi mmoja Kiwanja au Bunia, anauliza kama umerukwa na akili. Ninaelewa kwa nini. Barabara ni mbaya, na watu wameuawa kwenye barabara hizo. Simwambii mtu ampeleke mtoto mahali pa risasi. Ila kuna vijana wa upande ule ambao tayari wako kati yetu, wamekimbia kama sisi, na hakuna anayewaalika hata kwenye mchezo wa mpira.

Kilichofaulu na kilichoshindwa

Niliporudi nilileta mambo mawili. La kwanza lilikuwa sanduku la malalamiko lenye kufuli, kama nililoliona kule. Tulilitundika mahali pa ugawaji. Miezi mitatu, karatasi mbili, na moja ilikuwa ya mtoto aliyechora ndege. Mama mmoja mzee akanieleza kosa langu: "Sisi hatuandiki. Na ufunguo, si anao yuleyule tunayemlalamikia?" Sanduku sasa linatunza chaki.

La pili ni kusoma orodha. Kwetu wengi waliokimbia hawako kambini, wako ndani ya jamaa zinazowapokea, na ugomvi mkubwa ni juu ya nani ameandikwa. Sasa tunaisoma orodha kwa sauti mbele ya wenyeji na waliokimbia pamoja, jina kwa jina, kabla haijapelekwa popote. Inachukua nusu siku. Machefu wengine hawaipendi, kwa sababu majina ya hewa hayavumilii kusomwa hadharani. Mara ya kwanza tulikaribia kupigana. Lakini orodha ilipotoka pale, hakuna aliyeweza kusema imeandikwa usiku. Tahadhari moja: panapokuwa na mtu anayetafutwa na wenye silaha, jina lake lisisomwe. Mwulizeni mwenyewe kwanza.

Mgeni wa mama

Yule mwenzangu wa jikoni alirudi pia, akawa mwalimu. Mama yake alikimbia Rutshuru mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 ilipoingia, akakaa Kanyabayonga kwa rafiki. Kanyabayonga ilipochukuliwa mwishoni mwa Juni 2024 alikimbia tena, pamoja na umati uliokuja upande wa Lubero. Mwanawe alikuwa amekwama upande mwingine. Alinipigia simu mara moja tu, laini ikakatika, lakini nilikwisha sikia jina la mahali.

Nilimkuta Butembo, uani kwa watu. Vijana wa kartiye walikuwa wamemzunguka wakimwuliza maswali, kwa sababu Kiswahili chake kina Kinyarwanda ndani. Nilisimama karibu naye, nikataja jina langu na la baba yangu, nikasema ni mgeni wetu. Tulikwenda wote kwa chefu wa kartiye akaandikwa, na nilimwomba chefu amsomee alichoandika. Alikuwa amemwandika mwenyeji wa mahali pengine kabisa. Mama yule akamrekebisha.

Jioni nikampeleka kwetu. Mama yangu alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kinande huyu ni wa nani. Nikajibu ni mama wa yule tuliyekula naye Ulaya.

"Yule wa bugali?"

"Ndiye."

Mama hakusema neno jingine, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria. Majirani wawili waliacha kutusalimia, na mmoja wao mpaka leo hajaanza tena. Mgeni alikaa nasi miezi saba. Alifundisha mama yangu kukausha maharagwe kwa namna ya kwao, na mama anasema namna hiyo si nzuri, lakini ndiyo anayoitumia.